Bahari Ambayo Mama Asha Aliniuliza

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu, mkuu wa kituo cha hali ya hewa cha Kabezi, alinikabidhi kipimamvua, silinda ya bati yenye mdomo kama wa faneli, akaniagiza nikisome kila asubuhi kabla ya chai. Nilikuwa nimetoka sekondari, na niliamini mvua yetu inatoka ziwani.

"Ziwa linatia chumvi tu," akasema Shefu. "Mboga yenyewe inapikwa mbali."

Akanieleza kwamba Bahari ya Hindi ikipata joto upande wa Afrika na kupoa upande wa Asia, hewa yenye unyevu husogea kwetu, na mvua za Umuhindo, zile za mwisho wa mwaka, huzidi. Joto likihama, tunakauka. Ninyi wa leo mnasoma utabiri kwenye simu. Sisi wa siku zile tuliupeleka kwa mdomo, na kwa sharti moja la Shefu: usiseme itanyesha, sema kuna uwezekano.

Nilihamishiwa Magara, kisha Rumonge, ambako Shefu mpya alinipa pikipiki nizungukie vijiji. Mwaka mmoja bahari ilikuwa na joto upande wetu, na ziwa lilikuwa limeshajaa. Huko Minago, Mama Asha alikuwa na mashine ya mkono ya kukamua mawese, karibu kabisa na maji. Nikamwambia kuna uwezekano wa mvua nyingi.

"Hiyo bahari iko wapi?"

"Ng'ambo ya Tanzania yote, mama."

"Uliigusa?"

"Hapana."

Akacheka. "Mutoto wa watu anatumwa na maji asiyoyajua. Mashine ingekuwa ya mama yako, ungeihamisha?"

Nilivua koti, nikashika upande mmoja. Tukaipandisha juu ya barabara.

Mvua ikaja ya kawaida. Wateja waliozoea ufukweni wakaenda kwa jirani, na Mama Asha akapoteza msimu. Akairudisha mashine chini. "Uwezekano ni hivyo," alisema Shefu wa Rumonge nilipomweleza.

Mkataba wangu ulipokwisha, sikuweza kutulia. Nilisafiri hadi Dar es Salaam, nikatia mkono baharini. Niliporudi, redio ilikuwa imetangaza tena joto la bahari upande wetu, nami nikapita Minago.

"Sasa uliigusa?" akauliza Mama Asha.

"Niliigusa."

"Iko moto?"

"Iko. Lakini mkono haupimi kitu, mama. Ni uwezekano tu."

"Uwezekano naujua. Ulikula msimu wangu muzima." Akaitazama mashine, akayatazama maji, kisha akainama. "Shika upande ule."