Geti la Kunyanyulia Mota

Katika Kiswahili chote, mume wangu alichukia neno moja tu: pole. Tangu alipoumia mgongo akinyanyua mota ya mashine ya kusaga, mtaa wetu mzima wa Chamazi ulikuwa unampa pole. Anayekwenda sokoni, pole baba. Anayerudi, pole baba. Bibi mmoja jirani yetu, muuza vitumbua, alipita asubuhi na jioni, na mara zote alilitoa neno lile kwa sauti ya msibani. Mume wangu humwitikia kwa adabu, "Nimeshapoa, bibi, shikamoo," halafu akinigeukia ananong'ona, "Huyu ananizika mchana kweupe."

Yeye ni fundi wa mashine za kusaga. Mota ikiungua lazima itolewe ikasukwe nyaya upya, na hapo ndipo penye kazi. Waliojenga fremu, vile vyumba vya biashara zinamofungwa mashine, waliwaza gunia na mteja, fundi hawakumuwaza. Mota inataka wanaume wanne, lakini ndani wanaenea wawili, tena kwa kukunjana. Daktari alimwambia asinyanyue tena kitu kizito, akasema kwa wepesi, utadhani anamkataza sukari. Basi mume wangu akawa anakaa mlangoni, anatengeneza feni na pasi za majirani, haongei. Mgongo wake haukunitisha sana. Kilichonitisha ni kule kukaa.

Mimi nachomelea mageti na grili za madirisha, na subira sikujaliwa. Nikajiuliza, gereji wanatoaje injini? Wana winchi ya mnyororo: unavuta kwa mkono, mzigo unapanda taratibu, na ukiachia hauanguki. Winchi tukaipata. Shida ikawa pa kuining'iniza, maana mbao za paa la fremu zinabeba bati, basi. Nikaunga miguu mitatu ya bomba. Kuitanua mle ndani, mguu mmoja ukatokea barazani.

"Hiyo peleka harusini wakapikie pilau," mume wangu akasema, akacheka. Nilikasirika kweli, na papo hapo nikafurahi, kwa sababu kicheko kile nilikuwa nimekikosa sana.

Nikarudi kwenye ninachokijua. Nikatengeneza geti lisilo na mlango: nguzo mbili, boriti juu, vipande vyote vya kufunga kwa pini. Unaingiza kimoja kimoja, unaunganisha ndani, geti linasimama likiwa limeiweka mota katikati. Chini niliweka magurudumu, ili mota ikishapanda isukumwe hadi mlangoni, ishushwe kwenye toroli.

Tulilijaribu mtaa wa pili, kwa mama mmoja ambaye mota yake ilikuwa imeungua. Mume wangu akakaa juu ya ndoo, akavuta mnyororo, mota ikaachia kitako chake. Nilikuwa nimesahau jambo moja. Kwetu hakuna mwanamume anayeweza kuona kitu kizito kinapanda akabaki na mikono mfukoni. Waliokuwa kwa kinyozi jirani wakamiminika ndani.

"Tukupige tafu, braza!"

Mmoja akashika nguzo, mwingine akapaza sauti, "Harambee!" Wote wakajibu, "Hee!" na kwenye ile hee wakasukuma. Geti likakimbia, likagonga ukuta, likainama, mota ikarudi chini kwa kishindo. Mume wangu alikuwa amesharuka kutoka kwenye ndoo. Hakuumia mtu. Nikatoa maneno ambayo siyaandiki hapa.

"Sasa sista, sie tunawasaidia, we unatutukana?" wakauliza, na waliumia kweli.

Nyumbani mume wangu akasema, "Kauze chuma chakavu," akalala akitazama ukuta. Mimi nikalia jikoni. Nilisingizia kitunguu, na kitunguu chenyewe hakikuwepo.

Kesho yake nikachukua rangi nyekundu niandike USIGUSE kwenye nguzo. Akatoka nje, akanitazama.

"Rangi ya nini? Hawa hawasomagi. Nyie watu wa mageti mnawaza kumzuia mtu tu. Hawa kusaidia huwazuii. Wape kamba."

"Kamba ya nini?"

Akaomba chaki. Akapiga goti taratibu, akachora sakafuni: kamba inafungwa kwenye mota, inapita mlangoni, wao wanaishika wakiwa nje, ili mota isiyumbe. "Hiyo ni kazi ya kweli," akasema, "ila iko mbali na nguzo zangu." Kisha akataka kabari chini ya magurudumu, na azitoe yeye tu. Alisema nguzo zangu. Mimi niliyezichomelea nikamwachia.

Tuliporudi kwa yule mama, wanaume wa kwa kinyozi wakajipanga nje na kamba yao. Harambee! Hee! Kamba ikakaza. Ndani, mume wangu akavuta mnyororo bila haraka, mota ikapanda, ikatulia hewani. Akatoa kabari, akalisukuma geti kwa kiganja. Mota ikafika mlangoni, akaishusha juu ya toroli. Wale wa nje wakajipigia makofi wenyewe, na safari hii sikuwa na neno baya la kuwapa.

Akatoka, akaketi kwenye ngazi ya fremu, grisi hadi kwenye viwiko. Bibi wa vitumbua akawa anapita na sinia lake.

"Pole, baba," akasema kwa mazoea, kwa sauti ileile ya msibani.

Nikauona uso wa mume wangu ukikaza. Bibi akasimama. Akaitazama ile mikono, akaitazama mota kwenye toroli, akaliweka sawa sinia lake.

"Pole na kazi," akamalizia.

"Asante, bibi," mume wangu akajibu. Na kwa mara ya kwanza tangu aumie, hakunigeukia kuninong'oneza lolote.