Gari la Wazi Lililompeleka Dada Yangu Kinondoni

Nilipokwenda kulitazama lile gari niliuliza maswali mengi, na karibu yote nayakumbuka. Niliuliza linakunywa petroli kiasi gani kutoka mjini hadi Temeke. Niliuliza kwa nini taa moja ina kioo cheupe na nyingine ya manjano. Nililala juu ya kokoto za uani nikaingiza kichwa chini ya tumbo lake, nikafuata kwa kidole bomba la moshi kutoka mbele hadi nyuma, nikitaka kujua linapita wapi. Swali moja sikuliuliza: paa lake linafungika?

Lilikuwa gari la wazi, la kijani kilichopauka. Paa lake la turubai lilikunjwa nyuma ya viti na kubanwa kwa mikanda miwili ya ngozi. Mwenyewe alikuwa Mzungu wa idara moja ya serikali, anarudi kwao, na bei aliyotaja ingeweza kufikiwa na karani wa bohari kama mie, akijibana sana. Nilikuwa nimesoma sekondari, Kiingereza ninakijua, na kuendesha nilifundishwa na dereva wa lori la bohari yetu. Lakini kumwambia Mzungu, "Lifunge nione," nilishindwa. Niliona itakuwa kama kumwambia ananidanganya. Mkono wangu uligusa kifungo cha mkanda, ukarudi. Yeye hakunificha kitu. Haya ilikuwa yangu.

Gari lenyewe nililitaka kwa sababu dada yangu mdogo alikuwa anaolewa Kinondoni. Baba alikuwa ameshafariki, na dada nilikuwa nimemwahidi: "Hutakwenda kwa mumeo na teksi ya watu. Utakwenda na gari la kaka yako." Kwetu siku zile biharusi haonekani njiani. Alikuwa amefungiwa ndani wiki nzima, na wa kumfikisha kwa mumewe akiwa amefunikwa gubigubi alikuwa somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfunda tangu alipokuwa mwali. Biharusi akionekana, anayeulizwa ni somo.

Siku tatu kabla ya harusi nilifungua ile mikanda. Turubai lilikatikakatika mikononi mwangu kama jani la mgomba lililokauka. Panya walikuwa wamezaa humo. Chini yake mlikuwa na mbavu tatu za chuma, na moja ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikakatika.

Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilisahau shida yangu. Nilizikunja mbavu zile na kuzikunjua, mara kumi, mara ishirini, nikitazama jinsi zinavyopishana bila kugongana. Nilijiuliza ni nani aliyekaa akafikiria kwanza kwamba gari linaweza kuvuliwa kofia. Kisha mama aliniita kula, nikakumbuka.

Nilimwendea fundi cherehani wa barazani, jirani yetu. Alipima gari kwa utepe, mbele na nyuma, kama anayempima mtu kanzu.

"Kola niweke?" aliniuliza.

"Fundi, nina haraka."

"Kitambaa nitakushonea. Huo mfupa uliovunjika je?"

"Nitaufunga kamba."

"Basi mwambie biharusi asipige chafya."

Alishona kitambaa cha marekani, tabaka mbili. Kwa kuwa ilikuwa nyeupe na kila mtu angejua ni marekani, niliipaka rangi nyeusi ya viatu, kopo baada ya kopo, mpaka ikafanana na turubai. Ningeweza kumwambia mama ukweli, teksi ikatafutwa. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeshaliona gari. Watoto walikuwa wameshapiga honi yake. Nilinyamaza.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, dada yangu alitolewa ndani akiwa amefunikwa shela na kanga juu yake, akaingizwa kiti cha nyuma. Somo alikaa ubavuni mwake. Kabla sijapiga moto aliinua mkono akalisukuma paa kwa kiganja.

"Mwanangu, kitu hiki kimeshika?"

"Kimeshika, mama."

"Nitakayeulizwa huko ni mie, si wewe."

"Kimeshika."

Katika kioo nilimwona ameukaza mkono wake kwenye paa, hakuushusha tena.

Tulitoka kwetu Temeke, tukapita Ilala salama, tukapita Kariakoo. Bonde la Jangwani halikuwa na nyumba wala mti wa kuzuia upepo, na jioni ile palikuwa na mpira, wanaume wamejaa kando ya uwanja hadi barabarani. Nilisikia kamba ikikatika. Paa lilijaa upepo, likanyanyuka lote, likachukua kanga na shela pamoja, likaangukia nyuma yetu kwenye vumbi. Dada yangu alibaki peupe, na wanja wake na asumini zake kichwani. Wanaume waligeuka kutoka kwenye mpira. Mmoja alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, biharusi huyo," na kicheko kikapita kutoka mtu hadi mtu.

Nilikanyaga breki. Somo alisema, "Usisimame. Endesha." Alikuwa ameshavua buibui lake mwenyewe na kumfunika nalo dada yangu mwili wote, uso na mikono. Akaingia Kinondoni na gauni lake tu, kichwa wazi, mwanamke ambaye sijawahi kuona hata nywele zake.

Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa mlangoni. Mmoja alimtazama somo juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyepewa mwali umlete?"

"Upepo," alijibu somo.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu, na funguo mkononi. Sikusema kitu. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza imekuwaje, nikamwambia somo aliliachia paa.

Neno hilo lilitoka kwa mama likaenda kwa jirani. Nyumba za Temeke zilizokuwa na wasichana wa kufundwa zilianza kutafuta somo mwingine. Dada yangu naye, aliyekuwa amefunikwa asione kitu, aliambiwa hivyohivyo, akaamini, akaacha kwenda kumwamkia somo wake. Gari nililiuza kwa mchuuzi wa kuku, na yeye nilimwambia kila kitu kuhusu paa. Mgeni nilimwambia. Wa nyumbani ilinichukua miaka mingi, na mama alifariki akiamini nilichomwambia.

Nilikwenda kwa somo alipokuwa mzee, amekaa jamvini anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lile gari lako la upepo liko wapi?"

"Nililiuza. Mama, kamba ile ilikuwa mbovu. Paa halikuwa paa."

Aliendelea kuchambua. "Kiganja changu kilikuwa cheusi kabla hatujatoka Temeke. Rangi ya viatu naijua, marehemu mume wangu alikuwa askari."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mtoto angeteremka kwenye gari la kakaye mbele ya mtaa mzima. Nikaona nitalishika mie." Alitupa kijiwe uani. "Halikushikika."

Nilimwomba radhi. Aliniambia radhi amenipa siku nyingi, lakini kuna mtu Kinondoni hajamwamkia tangu harusi yake, na yeye bado anamhesabu mwanawe.

Nilikwenda siku ileile. Dada yangu alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Aliniuliza jambo moja tu: "Na mama alikufa hajui?" Nikasema hajui. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka amevaa buibui.

"Twende Temeke," alisema. "Utayasema tena, mie nikiwa nimekaa karibu yake."