Tulivyomwombolezea Sandy

Chekeni mpendavyo, mimi siombi msamaha. Bosi wangu, Linda, alinipigia simu akilia: "Msichana wangu Sandy ametutoka! Yule aliyeshinda mbio za kuruka viunzi kila mji, Louisville mpaka Buffalo!"

Sisi Wakenya, hata huku Marekani, mwenye msiba hatumwachi peke yake. Kwa kiherehere changu nikakusanya kina mama wa kanisa, tukapika chai na mandazi, tukafika kwake Westerville tumejifunga leso, nyimbo tumezianzia garini.

Linda alitukumbatia mmoja mmoja. Nikaongoza maombi, nikalia kuliko mfiwa mwenyewe. Nilipomaliza nikamuuliza kwa upole, "Ameacha watoto wangapi?"

"Tisa," akajibu, akipangusa machozi. "Wote aliwazaa siku moja."

Nikainua macho. Ukutani, katikati ya medali, kulikuwa na picha ya mbwa mkubwa wa manyoya ya dhahabu, yuko hewani juu ya kiunzi.

Mama Wanjiru alikuwa ameshaiona. Akanivuta leso, akanong'ona, "Twende zetu! Kumbe ni mbwa!"

"Keti," nikamwambia. "Anayelia si mbwa."