Dishi la Fundi Mageti

Fundi Mageti hakukiri hata siku moja kwamba upweke unamsumbua. Alisema shida yake ni televisheni. Kila jioni alitoka kwenye kibanda chake cha kuchomelea, akanawa masizi, akakaa kitako sebuleni, na ndipo mkewe alipojitanda mtandio na kwenda kwa jirani yao mshonaji kutazama tamthilia. Fundi alikula peke yake, akisikiliza vicheko vya ng'ambo ya ukuta. Vilimkata maini.

Kulipia king'amuzi mwezi kwa mwezi hakutaka hata kusikia. "Picha za bure zinapita juu ya paa langu," alimwambia mkewe, "mimi nilipie za nini?" Akanunua dishi, kichwa chake cha kunasia mawimbi, waya, na king'amuzi cha chaneli za bure. Mwenye duka alipomshauri atafute fundi wa madishi, alitoka bila kuaga.

Bomba la kusimamishia alilitengeneza mwenyewe, nene kiasi cha kubeba geti la ghala. Lakini kuelekeza dishi ni kazi ya watu wawili: mmoja juu asogeze, mwingine chini atazame kioo cha televisheni na kusema anachokiona. Mkewe akawekwa dirishani, na wote wawili wakapaza sauti kuishinda mashine ya kusaga ya pale kona.

"Vipi hapo?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Imekuja. Ah, imeondoka. Ulishaipata, baba watoto, mbona unaifukuza?"

"Siifukuzi. Mkono umetetemeka tu."

"Utaachaje kutetemeka na asubuhi umekataa chai?"

Wakaenda hivyo hadi jua likapoa. Kati ya sogeza na rudisha walimaliza habari za bati linalovuja, za binti yao aliyehamia mbali, na za shangazi mmoja aliyemcheka Fundi siku ya harusi yao kwa kuvaa viatu vya kuazima. Picha iliponasa, Fundi alifanya jambo ambalo hakuna fundi wa madishi angelithubutu: alipandisha mashine yake paani, akachomelea dishi kwenye bomba ili hata tufani isilitikise.

Chaneli zilikuwa tele. Moja iliuza vikaango kutwa nzima. Nyingine ilionyesha ng'ombe wakipigwa mnada. Tamthilia nayo ilikuwepo, watu wakilizana kwa lugha ambayo mtaa mzima haujawahi kuisikia. Mkewe alitazama jioni moja, kwa adabu. Fundi alitazama naye, macho kodo. Kesho yake mtandio ukarudi kichwani.

Roho ilimuuma. Akaamua kwamba kosa ni la setilaiti. Akakata kwa jasho kile alichokichomelea kwa majivuno, safari hii akakaza kwa nati, akamwita tena mkewe dirishani. Wakapata setilaiti ya pili, wakacheka sana wakiipata, kisha wakaketi mbele ya televisheni kimya. Kesho yake, mtandio.

Siku chache baadaye mshonaji alimletea bawaba iliyovunjika.

"Shemeji, nasikia siku hizi una mkono wa televisheni. Ukipata nafasi uitazame yetu. Ilikufa zamani, hata lini sikumbuki."

Fundi akashusha miwani yake ya kuchomelea. "Ilikufa? Sasa hiyo tamthilia mnaitazamia wapi?"

"Tamthilia gani tena? Mkeo akija tunapiga soga. Anasema kwenu kumetulia mno."

Fundi aliigeuza ile bawaba mkononi kwa muda mrefu. Alijaribu kukumbuka maneno aliyomwambia mkewe mezani mwaka huo. Alikumbuka "chumvi" na "funga mlango". Aliona aibu, aibu ya kweli, na hapakuwa na setilaiti ya kuitupia lawama.

Siku hiyo alifunga kibanda mapema. Akapanda paani, akalegeza nati, akalisukuma dishi pembeni kabisa.

"Mama watoto! Picha imeharibika. Hebu njoo dirishani."

Mkewe alishajitanda mtandio. Alisimama mlangoni, akatazama juu, kisha akarudi ndani.

"Haya, nipo. Haionekani kitu."

"Subiri nitafute. Leo kuna mteja kaniletea geti, nikikusimulia hutaamini."

Akasimulia, akasogeza, mkewe akauliza, akarudisha. Katikati ya habari mashine ya kusaga ikakoroma, ikanyamaza. Redio ya kinyozi nayo ikakatika. Mtaa mzima haukuwa na umeme.

Fundi alitulia na spana mkononi. Sasa hakuwa na haja ya kupaza sauti.

"Vipi hapo?"

Mkewe alikitazama kioo kilichozimika. Mtandio ulikuwa umetundikwa kwenye nondo za dirisha.

"Bado," alisema. "Sogeza kidogo kushoto. Enhe, huyo mteja akasemaje?"

Fundi akasogeza kidogo kushoto.