Mkanda wa Tano Kabla ya wa Nne

Mablanketi ya polisi yana harufu yake. Ni harufu ya sufu iliyolowa jasho, moshi wa mkaa na mafuta ya taa, na mpaka leo nikiipata mahali moyo unanienda mbio kwa furaha kabla akili haijakumbuka kwa nini. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wanawake wa kambi yetu, kambi ya polisi iliyokuwa ng'ambo ya reli, upande wa pili wa mtaa wa Namuwongo, walitoa mablanketi vitandani wakayapeleka ukumbini, yakaangikwa madirishani mpaka mchana ukawa giza. Enzi hizo za utawala wa wanajeshi, jua likizama kila mtu alikuwa kwake na komeo mlangoni, kwa hiyo sinema ya usiku ilikuwa ndoto. Basi tulijitengenezea usiku wetu wenyewe saa nane mchana. Watoto tuliketi sakafuni mbele, mama zetu nyuma yetu na wachanga mgongoni, askari waliotoka zamu wakasimama kando ya ukuta, na Koplo Onen, fundi wa redio za kambi, akawasha mashine ya sinema. Vumbi lililopita ndani ya ule mwanga lilinistaajabisha hata kabla ya picha yenyewe. Nilikuwa na miaka minane, na sikujua kwamba hewa tunayoivuta ina vitu vingi namna ile.

Filamu ilikuwa moja tu. Wahindi walipofukuzwa nchini, afisa mmoja aliyepewa nyumba ya mmoja wao alikuta stoo makopo matano ya bati, kila moja na mkanda wake ndani, akayatuma ukumbini. Filamu nyingine hazikuja, kama ambavyo sukari na chumvi hazikuja madukani. Kwa zaidi ya mwaka mzima tukaitazama ile ile, Jumamosi hadi Jumamosi, wala hatukuchoka. Kihindi hakuna aliyekijua, lakini tulikariri maneno yote kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyokariri sura. Tulijua ni wapi mkanda unaruka, wapi unachanika kama mvua, na ni wimbo gani ambao mke wa sajini angeuimba kwa sauti kuliko mwimbaji mwenyewe. Habari zilikuwa za karani maskini wa stesheni ya treni, mzee mwenye mwavuli mweusi, na mke wake, na binti yao aliyekuwa anaelekea kuolewa, na tajiri mwenye nyumba aliyewanyanyasa. Mikanda mitatu ya kwanza walihangaika. Halafu ghafla, bila kuelezwa, mzee yuko kitandani mahututi. Mke wa sajini alitufafanulia kwamba amelogwa na yule tajiri, na hakuna aliyembishia, maana wote tulimchukia tajiri. Mzee akafa. Wakambeba kwa maua, wakamweka juu ya kuni, wakamchoma moto, na ndani ya ukumbi wanawake walilia kilio cha kweli, cha msibani. Kisha maandishi makubwa ya Kihindi yakajaza shuka nyeupe iliyotundikwa mbele yetu, yakakaa, yakafifia.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Koplo Onen alibadilisha mkanda, shuka ikawaka tena, mlango wa nyumba ya karani ukafunguliwa, na mzee yule yule tuliyemwona akiteketea akaingia ndani akikung'uta mwavuli wake. Mke wake akampa chai. Hakushtuka hata kidogo. Walikaa wakala, wakacheka, na mkanda ukaishia hapo hapo wakiwa bado wanakula. Kila wiki nilikishuhudia kitu hicho na kila wiki nywele zilinisimama. Sisi watoto tulikubaliana kwamba siri iko katika yale maandishi: ni maneno makubwa, yakitokea, aliyekufa anarudi.

Na mimi nilikuwa na haja nayo. Baba yangu alikuwa askari, mtu wa upande wa Gulu, Mkatoliki, aliyekuwa akininyoa nywele mwenyewe kwa wembe bila kunikata hata mara moja. Asubuhi moja aliitwa ofisini, akatoka na kofia yake mkononi, akaonekana akipanda gari ambalo si la kambi, na hakurudi. Pale kambini hatukusema mtu ametoweka. Tulisema amesafiri. Ulimi huponza kichwa, na kambi nzima ililijua hilo, kwa hiyo waliosafiri hawakutajwa tena hata kwa jina, na walikuwa wengi. Mama yangu alikuwa Mwislamu wa Arua, na hakukaa eda, wala hatukuweka matanga. Utamlilia vipi msafiri? Alifagia, akapika, akanyamaza. Mimi nikajifunza yale maandishi, mstari kwa mstari, Jumamosi moja herufi hii, nyingine ile, mpaka nikaweza kuyachora mavumbini nikiwa nimefumba macho. Kisha nikachukua mkaa nikayaandika juu ya mlango wetu. Mama aliponiuliza ni nini, nikamwambia ni maneno ya kurudisha watu. Hakuyafuta, na kwa mtu aliyesugua hata mawe ya jikoni, hilo lilikuwa jambo.

Mama Nekesa alikuja kwetu miezi kadhaa baadaye. Alikuwa Mkenya, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza sabuni ya vipande sokoni Nateete, na siku ambazo sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama alipendwa kila mlango. Katika ujana wake alimlea mtoto wa Wahindi huko Kisumu, na kila Jumapili alifuatana nao sinema. Alisimama nje kwetu na kikapu kichwani, akainua macho.

"Mama Akello," akasema, akimwita Mama kwa jina langu, "nani ameandika mwisho kwa mlango yako?"

Mama alimwuliza mwisho gani. Mama Nekesa akaeleza bila ubaya wowote kwamba Kihindi hajui kukisoma, lakini maandishi hayo ameyaona mara mia: yakitokea, filamu imekwisha na watu wanainuka kwenda nyumbani. Akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka. Jumamosi iliyofuata alikuja ukumbini, na mzee alipoingia na mwavuli baada ya kuchomwa, alinyanyuka akaenda moja kwa moja kwa Koplo Onen. Makopo yalikuwa na namba za Kihindi, na Mama Nekesa, ijapokuwa herufi hakuzijua, namba alifundishwa na yule mtoto wa Kisumu. Tatu za kwanza Koplo alizibahatisha vizuri. Nne yao ilifanana na nane yetu, akaiweka mwisho, na tano yao aliiona kuwa nne, kwa hiyo mwaka mzima alikuwa akituonyesha mkanda wa tano kabla ya wa nne. Mzee hakufufuka. Alitoka kazini siku ya mvua akaja kunywa chai, na kufa kulikuja baadaye.

Koplo Onen alikuwa mtu wa kupenda kazi iliyonyooka. Wiki ile alisafisha mashine, akaandika namba zetu kwenye makopo kwa rangi nyeupe, na Jumamosi akatangaza kwamba leo tutaona filamu kama ilivyotengenezwa. Tuliiona. Mzee akaingia na mwavuli, na hatukuhisi lolote, kwani alikuwa hajafa. Kisha akaugua, akafa, akachomwa, maandishi yakatokea, na taa ikawashwa. Hakuna aliyeinuka. Koplo alisimama kando ya mashine akingoja kusifiwa, na watu zaidi ya mia walikuwa wakiitazama shuka tupu. Mimi niliyahesabu makopo, nikayahesabu tena, nikitafuta lililobaki.

Tulipofika nyumbani nilichukua kitambaa kibichi nikapanda juu ya kigoda nifute mlango. Mama akanishika mkono. Hakunigombeza. Alivaa mtandio wake wa kwendea harusini, akaniongoza mpaka kwenye chumba cha redio, na njiani mke wa sajini akaungana nasi bila kuulizwa, na mwingine, na mwingine, mpaka tukafika kwa Koplo Onen kama watu wanaokwenda kuposa.

"Afande," Mama alisema, "Jumamosi wewe weka kama zamani."

"Mama Akello, ile ilikuwa makosa. Sasa mimi najua namba yote."

"Hata sisi sasa najua. Fanya makosa, afande. Tunakuomba."

Koplo aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Nadhani alikuwa akihesabu nani mume wake amesafiri, nani kaka, nani mtoto. Halafu akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi ile sitaisahau hata nikiishi miaka mia. Mablanketi yaliangikwa, mashine ikaguruma, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya magoti ya wenzao. Mzee akafa. Wakamchoma. Maandishi yakajaza shuka, na sasa kila mtu mle ndani, hadi mtoto wa miaka mitano, alijua yanasema mwisho. Giza. Tulimsikia Koplo akihangaika na mkanda. Kisha mlango ukafunguliwa na mzee akaingia, akikung'uta maji ya mvua, na askari mmoja pale ukutani akapiga makofi. Watu wakasimama. Walisimama wote, kama anayeingia ni mgeni wa heshima, na mke wa sajini akapaza sauti akaita jina. Halikuwa jina la mzee wa sinema. Lilikuwa la kaka yake. Mwingine akaita lake, na mwingine, karibu fulani, umerudi fulani, majina ambayo sikuwa nimeyasikia mwaka mzima, kwa Kiacholi, kwa Kilugbara, kwa Kiswahili chetu cha kambi. Kama kulikuwa na masikio mabaya humo, na lazima yalikuwemo, yalisikia watu wakishangilia sinema tu. Nikamsikia Mama nyuma yangu. Aliita jina la baba yangu mara moja, kwa sauti nyembamba, halafu kwa sauti kubwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba amekufa. Nilijua, na nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, maana nilikuwa sijawahi kuona watu wazima wakionekana wakubwa kiasi kile.

Leo wajukuu wangu wana filamu nyingi kwenye simu kuliko idadi ya watu niliowahi kuwajua. Kuna moja wanayoirudia kila siku, na ninawaelewa kabisa. Wananiambia nitaje jina la ile yangu waitafute, lakini jina sikuwahi kulijua. Mtu asinidanganye kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Zilikuwa siku mbaya, na nisingemwombea hata adui azaliwe ndani yake. Mwaka jana Mama alifariki, mzee wa kushiba siku, na tulimzika kwao Arua. Shehe alitangaza kifo chake kwa kipaza sauti cha msikiti, jina lake kamili na la baba yake na la mume wake, mchana kweupe, yakasikika mpaka barabarani. Wapita njia walisimama kidogo wakaendelea na safari. Hakuna aliyegeuka kuangalia nani anasikiliza. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi, na hapo nikashindwa, nikalia kwa sauti, kwa sababu kulitaja jina kulikuwa rahisi vile.