Kijiko Kati ya Mzee na Mke wa Mwanawe

Niliingia semina ya walimu wa fizikia nikiwa na cheti cha kidato cha nne tu, na koili, waya uliozungushwa mara nyingi, niliyoichomoa kwenye kengele mbovu ya umeme. Ilikuwa likizo ya Agosti, katika shule moja nje kidogo ya mji wa Kisii. Mimi nilifundisha shule ya harambee huko Marani bila kusomea ualimu, na mwalimu mkuu wangu alikuwa ameniambia wazi: nikitoa somo mbele ya walimu wenzangu likaeleweka, fizikia itabaki shuleni. Lisipoeleweka, anaifuta, watoto wasome kilimo. Siku ya mwisho akaja mwenyewe, akakaa nyuma, kofia mapajani.

Wiki nzima nilikuwa nikiwatazama wale walimu kinywa wazi. Mzee mmoja wa Nyansiongo alipima mawe laini ya kuchonga ya Tabaka ndani ya maji taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Mkufunzi wetu, mama kutoka Pwani, hakumcheka mtu hata mara moja. Nami huku nikijiona tayari kwenye maabara yangu yenye meza ndefu na mabomba. Kabati lenyewe sikuwa nalo!

Zamu yangu ikafika. Nilitaka walimu washikane mikono duara, wa mwanzo na wa mwisho washike ncha za koili, halafu mimi niunganishe betri za tochi na kuziachanisha, kila mtu asikie umeme ukimtekenya. Nikawapanga kwa urefu, kama gwaride.

Duara halikufunga. Yule mzee alikuwa ameficha mikono nyuma, na mwalimu kijana wa kike aliye kando yake anatazama viatu vyake.

"Mbona hamshikani?" mkufunzi akauliza.

"Huyu ni mke wa mtoto wangu," mzee akasema.

Wenyeji wote wakaguna. Kwetu mtu na mke wa mwanawe hawagusani, hata salamu ya mkono hawapeani. Na mimi, mtoto wa hapahapa, niliwaweka bega kwa bega bila kuuliza! Nilitamani sakafu inimeze. Nikataka kuwahamisha, lakini yule dada akawahi kuchukua rula ya mbao ya mzee iliyokuwa mezani.

"Tata," akamwita baba mkwe wake, "shika huku, mimi nishike huku."

Wakashika. Nikaunganisha, nikaachanisha. Kimya. Nikarudia. Kimya kabisa.

"Mwalimu, umeme wako umeshuka njiani?" mmoja akanitania.

"Umeenda kunywa chai!" mwingine akadakia.

Wakacheka. Nikamwona mwalimu mkuu anachukua kofia yake. Nikaanza kukagua koili, nikiwaza watoto wangu wa kidato cha pili walionisindikiza hadi barabarani.

Mzee hakucheka. Akainua ncha yake ya rula kidogo, akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza njia, "Kijana, kwani sisi wawili tumeshika nini?"

Nikaitazama ile rula. Mbao! Nikakimbilia sinia la chai, nikarudi na kijiko kirefu cha chuma, wakakishika badala ya rula.

"Walimu, kabla sijagusa waya," nikasema, na sauti yangu ikarudi, "nani ataniambia kwa nini mara ya kwanza hatukusikia kitu, na sasa tutasikia?"

Mikono haikuweza kuinuliwa kwa kuwa imeshikana, basi wakajibu wote kwa pamoja, kama darasa, kwamba mbao haipitishi umeme na chuma hupitisha. Nikaunganisha waya, nikaachanisha. Duara zima likaruka na kupiga kelele, mkufunzi kwa sauti kuliko wote. Mzee na mke wa mwanawe walicheka hadi machozi, kila mmoja kwenye ncha yake ya kijiko, heshima yao haijaguswa.

"Tena!" mkufunzi akasema. "Kwanza rula, halafu kijiko. Nami somo hili nitalifundisha hivyohivyo kwetu."

Mwalimu mkuu alinipita mlangoni, kofia kichwani.

"Hiyo rula na hicho kijiko," akasema, "uje navyo shule ikifunguliwa."

Kijiko nilikiomba jikoni. Rula alinipa mzee.