Mgambo Hakai Hemani

Jirani yangu hapa Nsemulwa alikuwa askari wa jeshi, mimi nilikuwa mgambo. Kwenye vita vya Uganda alipigwa risasi ya paja, nikambeba mgongoni mpaka kwenye gari. Vita vilipoisha, yeye alibaki jeshini na leo anakula pensheni. Mimi walinivua sare, nikarudi kulima mihogo.

Juzi, sikukuu ya mashujaa, alikaa hemani, medali kifuani, soda mkononi. Mimi nilipewa kamba nizuie watu, juani, eti mgambo ndiyo kazi yetu. Roho iliniuma, nikatamani ile soda impalie. Akaniona, akatabasamu, akamwambia mgeni aliyekaa naye, kwa sauti:

"Yule mzee naye alikuwepo vitani. Alikuwa anatupikia."